Samaki wa Mkaguzi

(Mazungumzo ya mkaguzi wa ushirika mbele ya makatibu na wajumbe wa vyama vya msingi, mjini Bagamoyo)



Nimepewa nusu saa nizungumze juu ya hati za malipo. Nimeifanya kazi hii ya ukaguzi kwa muda wa kutosha kujua kwamba maneno hayo yakitajwa baada ya chakula cha mchana, nusu ya ukumbi husinzia na nusu iliyobaki hutazama saa. Siwalaumu. Naomba basi Ndugu Mwenyekiti aniruhusu nianze mbali kidogo. Nitaanza na samaki, na nikiisha kuwalisha samaki tutarudi kwenye hati.

Kila mmoja wenu aliyekuja hapa kwa njia ya Msata amepita Kiwangwa. Barabara hiyo ya kilomita 64, ambayo wengi wetu tuliijua ilipokuwa vumbi wakati wa kiangazi na utelezi wakati wa masika, siku hizi ni ya lami. Gari huiacha Makofia, huvuka Ruvu, hupita Fukayosi, na kabla abiria hajachoka kukaa amekwisha fika. Sifa ya Kiwangwa ni mananasi. Ukimwambia mtu wa Dar es Salaam kwamba unakwenda Kiwangwa, hatakuuliza habari za samaki, atakuagiza nanasi. Bahari haionekani kutoka pale, wala harufu yake haifiki. Hata hivyo nasema, nami niko tayari kusahihishwa na ndugu zetu wa Saadani na Mlingotini, kwamba samaki wa kubanika aliyenipendeza kuliko wote nilimla Kiwangwa, kando ya barabara, nikiwa nimesimama.

Samaki huyo ni kibua. Hununuliwa alfajiri hapa hapa Bagamoyo, kwenye mnada wa pwani, huwekwa katika sanduku la barafu, naye hupelekwa juu kwa pikipiki. Mama anayembanika ni mtu mzima, na humpokea kwa ukali wa karani wa forodha. Humtazama macho, humfunua mashavu, humbonyeza tumbo kwa kidole gumba. Akiona barafu imekwisha njiani humrudisha, hata kama siku hiyo hana samaki mwingine. Nilimwuliza kwa nini hamchukui kwa bei ya chini, kwani moto si utamsafisha? Akanijibu kwamba kibua aliyelala juani humwasha mlaji mdomoni na kumvimbisha uso, na moto hauondoi jambo hilo. Maneno yake ni ya kweli. Wataalamu wa samaki wanasema kwamba vibua, nguru na jodari wasipowekwa katika baridi hujenga sumu ndani ya nyama yao, na sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa. Mama yule hakusomea, lakini desturi yake ndiyo hiyo hiyo.

Samaki akiisha kuoshwa hutumbuliwa, hutiwa chale tatu kila ubavu, hupakwa chumvi, ndimu, kitunguu saumu na pilipili, akaachwa kidogo. Kisha huletwa vijiti. Kijiti ni cha mwanzi, kimepasuliwa katikati hadi karibu na mkia wake. Samaki hubanwa ndani, na ncha hufungwa kwa ukindu. Ndiyo maana watu wa pwani wakasema kubanika. Kijiti hupangwa juu ya wavu wa chuma, na chini yake si mkaa mtupu bali mkaa uliochanganywa na vifuu vya nazi, ambavyo hutoa moto mkali na moshi wenye harufu njema.

Lakini lililonishangaza ni jambo la mwisho. Pembeni alikuwa na bakuli la maji ya nanasi. Yale mananasi yanayochubuka wakati wa kupakiwa, ambayo mnunuzi huyakataa na mkulima huyauza kwa bei ya kutupa, huyanunua yeye, akayakamua. Samaki anapokaribia kuiva humpaka maji hayo kwa unyoya wa kuku, mara mbili, basi. Nikamwuliza kwa nini hamlowezi humo tangu mwanzo ili utamu uingie. Akacheka. Alijaribu siku moja, akasema, na samaki akawa uji. Nanasi bichi hulainisha nyama, na nyama ya samaki haihitaji kulainishwa. Tena sukari yake ikikaa motoni muda mrefu huungua ikawa chungu. Kwa hiyo dakika mbili za mwisho tu. Ngozi hukauka, hung'aa, hupasuka kidogo kwenye zile chale, na ukiuma unakutana kwanza na moshi, halafu chumvi, halafu utamu ambao hujui umetoka wapi. Alinipa na kipande cha muhogo wa kuchoma. Ndugu zangu, nilikula vijiti vitatu.

Sasa naomba mniangalie vizuri, maana hapa ndipo ninapoingia katika hadithi kama mkosaji.

Siku ile nilikuwa njiani kwenda kukagua chama kimoja cha msingi, ambacho sitakitaja. Walikuja kunipokea katibu wake na mjumbe mmoja, pamoja na dereva wa gari lililokodiwa. Ni katibu aliyesema, "Bwana Mkaguzi, huwezi kupita Kiwangwa bila kuonja samaki wa hapa." Tukashuka. Tulikuwa watu wanne. Mimi nilikula vijiti vitatu, wenzangu viwili viwili. Jumla vijiti tisa. Muhogo tulikula vipande vitano. Bei niliisikia kwa masikio yangu: kijiti Sh. 1,500, kipande cha muhogo Sh. 500. Nilipokuwa nikinawa mikono katibu alilipa, nami niliona Mama akitia sahihi kwenye karatasi, herufi moja moja, polepole, kama anayeshona. Sikuuliza ni karatasi gani. Sikutia mkono mfukoni. Na mfukoni, ndugu zangu, nilikuwa na posho ya safari niliyopewa na ofisi yangu, ambayo kazi yake ni chakula cha njiani.

Wakati tunakula niliona jambo jingine, nikalitazama kama mchezo. Mama alikuwa na makopo mawili. Kila mteja alipomaliza kula, kijiti chake kilitiwa katika kopo la kwanza. Mteja aliyeondoka na samaki wake, punje moja ya mhindi ilitiwa katika kopo la pili. Nikamwuliza maana yake. Akasema kila asubuhi huchonga vijiti sitini, wala havizidi wala havipungui. Jioni vijiti vya kopo la kwanza, punje za kopo la pili na samaki waliobaki wavuni hapana budi vifike sitini, na fedha ziwe za vile vilivyoondoka. Binti yake, aliyekuwa darasa la sita, huandika hesabu hiyo daftarini. Nilimsifu, tukaondoka. Nilimsifu kama mtu mzima anavyomsifu mtoto, jambo ambalo sasa linanitia haya.

Siku ya tatu ya ukaguzi nilifikia hati za mwezi ule. Nikaikuta hati ya siku tuliyofika: "Kitoweo cha mkaguzi na msafara, Sh. 96,000." Chini yake, sahihi ya yule Mama.

Niliigawa 96,000 kwa 1,500, nikapata vijiti 64. Mama yule huchonga vijiti sitini kwa ajili ya Kiwangwa nzima na wapita njia wake wote. Nikaisogeza hati dirishani. Tarakimu ya tisa ilikuwa na tumbo jeusi kuliko mkia wake, kama mtu aliyevishwa kilemba baada ya kuzaliwa. Ilikuwa moja. Vijiti tisa ni Sh. 13,500, muhogo Sh. 2,500, jumla Sh. 16,000. Mtu alikuwa ameipa moja kichwa ikawa tisa. Na pale penye mstari usemao "Jumla kwa maneno" palikuwa peupe kabisa.

Nikamwuliza katibu kwa upole. Akanijibu upesi mno: "Ah, wale wachuuzi wa barabarani, Bwana Mkaguzi! Wakiona gari la wageni hutaja bei wanayotaka. Sahihi si yake?"

Sahihi ilikuwa yake. Kwa karatasi ile, mbele ya mtu yeyote, mwenye kujibu ni yeye. Katibu angeweza kusema alilipa. Mjumbe angeweza kusema aliona akilipa. Na mkaguzi, mdomo wake ukiwa bado una ladha ya nanasi, angesema nini? Kwamba hakumbuki, maana alikuwa akinawa mikono? Usiku ule sikulala vizuri. Nimewahi kukuta upotevu mkubwa mara kumi kuliko huo. Lakini huu ulikuwa umeandikwa kwa jina langu, na umefichwa nyuma ya mtu asiyekuwa hata mwanachama.

Kesho yake nikapanda basi, peke yangu na kwa nauli yangu, nikarudi Kiwangwa. Nikamwamkia, akaitikia, akadhani nimekuja kula. Nikamweleza kwamba nataka kuliona daftari la binti yake, kama ataniruhusu. Akalitoa ndani ya mkoba wa ukili, akanipa bila kulifungua. "Soma mwenyewe, mwanangu."

Ukurasa wa siku ile uliandikwa hivi, kwa mwandiko wa mtoto: "Alhamisi. Vijiti 60. Vimebaki 7. Vimeuzwa 53. Sh. 79,500." Chini yake mauzo ya muhogo. Chini kabisa: "Mama ametia sahihi karatasi ya chama, Sh. 16,000." Nikamwuliza kwa nini mstari huo uliandikwa. Akasema kwamba akiweka jina lake kwenye karatasi ya watu, hutaka liandikwe na kwake pia, asije akasahau amekubali nini.

Siku nzima, kwa wateja wote, samaki wake wote walimpa Sh. 79,500. Chama kilikuwa kimeandika kwamba watu wanne peke yao walimlipa Sh. 96,000.

"Kwani wamesema nimechukua ngapi?" akaniuliza. Nikamwambia. Alinyamaza, akageuza samaki wawili waliokuwa wakiungua, kisha akauliza, "Na jina langu limo?"

"Limo, Mama."

"Basi litoeni."

Ilinibidi nimweleze jambo ambalo nyote mnalijua, na ambalo siku ile niliona uzito wake kwa mara ya kwanza: kwamba hati haifutwi. Haichanwi, haipakwi wino, wala haibandikwi karatasi juu yake. Ikiwa imesema uongo, dawa yake ni hati nyingine iliyo kando yake, yenye kusema kweli, na iwe na tarehe, na ijulikane ni nani aliyeiandika. Jina lake lingebaki pale maadamu daftari lile lipo. Nilimwahidi kwamba hiyo hati nyingine itasomwa mbele ya mkutano mkuu, na kwamba ataalikwa aisikie. Akasema ikiwa ni siku ya mnada hatakuja.

Niliporudi chamani niliweka nakala ya ukurasa ule mbele ya bodi. Katibu hakubisha tena. Ukweli ulikuwa mdogo, na kwa udogo wake ulisikitisha. Mwezi uliotangulia wajumbe watatu walikaa kikao ambacho hakikuwamo katika makisio, wakadai posho. Katibu aliwapa Sh. 20,000 kila mmoja, naye akachukua Sh. 20,000 yake. Jumla Sh. 80,000. Shimo lile likakaa katika fedha taslimu likisubiri kitu cha kulifunika, na kitu hicho kikaja kwa gari kutoka ofisi yangu. Nilimwuliza katibu, tukiwa wawili tu, kwa nini alichagua samaki na si shajala au mafuta ya gari. Akasema bila kiburi, "Kwa sababu kitoweo cha mkaguzi hakuna anayekiuliza. Mwanachama huona haya, na mkaguzi mwenyewe hukipita haraka."

Ndugu makatibu, sentensi hiyo nimeibeba tangu siku ile.

Mkutano mkuu ukaitishwa. Mama alikuja, haikuwa siku ya mnada. Barua ya masahihisho ilisomwa, na nyuma yake ikasomwa hesabu ya daftari la binti yake, neno kwa neno. Wajumbe watatu na katibu walirudisha fedha, na katibu alipewa onyo la maandishi. Mimi nililipa Sh. 5,000, yaani vijiti vitatu na muhogo wangu, nikakatiwa stakabadhi, ninayo hadi leo. Sehemu ya dereva na wenyeji wake ilijadiliwa kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili, ikapitishwa. Nilidhani mambo yamekwisha. Ndipo aliposimama mwanachama mmoja mzee, akaliweka jembe lake chini, maana alitoka shambani moja kwa moja, akauliza: "Bwana Mkaguzi, miaka yote hii wakaguzi wamekula samaki wangapi?"

Sikuwa na jibu. Nikaomba siku mbili. Nikapekua hati za miaka minne, na katika kila ukaguzi nikakuta mstari ule ule: kitoweo cha mkaguzi, soda za mkaguzi, kuku wa mkaguzi. Katika safari mbili kati ya hizo mkaguzi alikuwa mimi. Kiasi kilikuwa kidogo kila mara, na huenda kilikuwa cha haki. Sasa hakuna awezaye kujua, kwa kuwa mimi mwenyewe niliweka alama ya kalamu yangu ya kijani pembeni, maana yake nimeona, nimeridhika. Nilimsomea yule mzee majibu hayo mbele ya wenzake.

Baadhi yenu mtasema, Mswahili hawezi kumwacha mgeni na njaa. Ni kweli, wala sikuja hapa kuvunja ukarimu wa pwani. Ukinikaribisha nyumbani kwako, nitakula ugali wako na nitakushukuru. Lakini chama hakina nyumba ya kukaribishia. Kile kinachoitwa ukarimu wa chama ni mananasi ya watu, yaliyolimwa kwa mgongo, nao hawapo mezani kusema karibu. Wakitaka kukaribisha, wanayo njia: makisio ya mapato na matumizi, yanayopitishwa nao katika mkutano mkuu. Na waandike humo kifungu cha wageni, wataje na kiwango. Kifungu kisipokuwapo, mkaguzi ale kwa posho yake, nanyi msimwonee haya.

Wazee wetu katika ushirika wameliona jambo hili kabla yetu. Mwaka 1966 Serikali iliunda kamati maalum kuchunguza vyama vya ushirika na bodi za mazao, kwa sababu malalamiko ya wakulima yalikuwa yamezidi. Mwaka 1976 vyama vikuu vilivunjwa kabisa, na haikuwa mpaka sheria ya mwaka 1982 ndipo vikarudi. Sababu zilikuwa nyingi, tena nyingine za siasa, nami siwezi kusema ushirika uliangushwa na kitoweo. Ninachosema ni kwamba mwanachama aliyezoea kuipita mistari midogo bila kuuliza, siku mstari mkubwa ulipokuja alikuwa amekwisha poteza mazoea ya kuuliza.

Sasa nirudi kwenye hati, kama nilivyotumwa. Jumla kwa maneno iandikwe kabla mpokeaji hajashika kalamu. "Elfu kumi na sita" haigeuki kuwa "elfu tisini na sita" kwa kuongezewa kilemba. Baada ya maneno pigeni mstari hadi mwisho wa nafasi. Hati iseme idadi na bei, si "kitoweo" tu: vijiti 9 kwa Sh. 1,500. Mpokeaji asiyesoma vizuri asomewe kwa sauti, mbele ya mtu wa tatu, naye apewe nakala hata kama hakuiomba. Ni yeye anayehitaji nakala kuliko ninyi. Wengine mtasema siku hizi tunalipa kwa simu na ujumbe huonyesha kiasi. Vizuri, lipeni kwa simu. Lakini nimekwisha kuona chama ambacho katibu hulipa kwa simu yake mwenyewe, kisha hujiandikia hati ya kurudishiwa, na hapo tumerudi pale pale penye nafasi nyeupe.

Na wale wenye ghala, yatafakarini yale makopo mawili. Kila gunia lililoingia liwe kijiti au punje, na jioni hesabu ifike sitini. Vyama vingine nilivyovikagua vina madaftari manane ya mali ghalani, lakini havina jioni ambapo mtu hukaa chini akahesabu.

Ndugu Mwenyekiti, naona nusu saa yangu imekwisha. Wenye kurudi kwa njia ya Msata mtafika Kiwangwa kabla ya magharibi, na samaki aghalabu huwa wangali wapo. Kijiti sasa ni Sh. 2,000, kwa sababu wakati wa kusi vibua huadimika. Mimi nitashuka na basi la kwanza, nami nitakula viwili tu.